Aotearoa: Nani Aulizwe Kwanza?

Ilikuwa Machi 2025, saa ya chakula cha mchana, kwenye chumba cha wafanyakazi pale ninapofanya kazi, Wellington, Nyuzilandi, nchi ambayo kwa Kimaori, lugha ya wenyeji wa asili, huitwa Aotearoa. Televisheni ya ukutani ilikuwa inaonyesha Bunge. Nilikuwa napasha wali wangu moto, nikasema tu, bila kumlenga mtu, kwamba tangu nihamie Aotearoa sijawahi kumwona Spika akikata maneno namna ile.

Mwenzetu mmoja, mzee wa Kizungu aliyebakiza muda mfupi kustaafu, akaweka uma chini. Hakupandisha sauti. "Viza yako iliandikwa New Zealand," akaniambia. "Ulikuja New Zealand. Hilo jina lingine si lako kulitumia."

Sikumjibu.

Mezani palikuwa na dada mmoja Mmaori, mtu tunayeheshimiana naye sana. Nilimtazama nikitegemea atasema neno. Aliendelea kumenya chungwa lake taratibu mpaka likaisha, akafuta vidole, akaondoka.

Maneno ya yule mzee niliyasahau jioni ile ile. Kimya cha yule dada kilikaa nami wiki baada ya wiki. Nikiwa kwenye basi nakifikiria, nikiwa naosha vyombo nakifikiria. Nilikuwa na hakika kwamba jambo lile lina pande mbili, na kwamba mimi na yeye tuko upande mmoja.

Ugomvi wa bungeni

Siku zile Winston Peters, aliyekuwa Naibu Waziri Mkuu na Waziri wa Mambo ya Nje, alikuwa amelalamika kwamba Ricardo Menéndez March, mbunge wa chama cha Kijani, anaiita nchi Aotearoa katika maswali yake. Menéndez March alizaliwa Mexico. Peters alihoji iweje mtu aliyehamia aibadilishie nchi jina bila wananchi kuulizwa kwa kura.

Spika Gerry Brownlee anatoka chama kinachoongoza serikali hiyo hiyo. Angeweza kumpa mwenzake anachotaka. Badala yake alisema neno hilo limo kwenye pasipoti, limo kwenye noti, na wabunge wanalitumia kila mara. Asiyelipenda asilitumie, lakini asimletee tena malalamiko hayo.

Msomaji aliye mbali atadhani Peters ni mzungu anayewakatalia Wamaori lugha yao. Baba yake alikuwa Mmaori. Yeye mwenyewe ni mtu wa Ngātiwai, iwi ya kaskazini. Iwi ni watu wa ukoo mmoja mkubwa wenye ardhi yao na wazee wao. Sisi tungesema kabila, ingawa neno letu halitoshi. Kwa hiyo hata kule juu kabisa mstari haukupita pale nilipodhani unapita.

Nilichoshindwa kukipuuza ni kwamba hoja ile ilinihusu mimi moja kwa moja. Menéndez March ni mhamiaji, mimi ni mhamiaji. Alichoambiwa yeye bungeni niliambiwa mimi mezani.

Kuna jibu jepesi, na nimelisikia mara nyingi. Abel Tasman alifika hapa Desemba 1642, akatia nanga kwenye ghuba moja kaskazini mwa Kisiwa cha Kusini, watu wake wanne wakauawa na wenyeji, akaondoka bila kukanyaga nchi kavu. Aliiita Staten Landt. Wachora ramani wa Uholanzi ndio walioibandika baadaye jina la Zeeland, jimbo la kwao. James Cook alipokuja 1769 akalisema kwa Kiingereza. Basi, unasema, kama mgeni haruhusiwi kuita nchi jina, tuanze na hao.

Jibu hilo ni tamu mdomoni na halimalizi kesi. Chini ya jina hilo la Kiholanzi kuna watu waliozaliwa, wakaoa, wakazika wazazi wao. Kuna vijana waliokufa vitani Gallipoli 1915, Wamaori wakiwamo. Huwezi kumwambia mjukuu wa mtu huyo kwamba jina analoliona kwenye kaburi la babu yake ni kosa la mchora ramani. Hata yule mzee wa mezani, nikimfikiria kwa haki, alikuwa anatetea kitu chake, ingawa alichagua kunipiga mimi nacho.

Kwetu jina lilishuka na bendera

Sisi tuliokulia Afrika tunalo jibu la haraka. Tarehe 6 Machi 1957 Gold Coast ikawa Ghana. Mwaka 1980 Rhodesia ikawa Zimbabwe. Agosti 1984 Upper Volta ikawa Burkina Faso. Bendera inashuka, jina la mkoloni linashuka nayo, watu wanacheza ngoma hadi asubuhi. Nilihamia huku na jibu hilo, na kwa muda mrefu halikuwahi kunipa shida.

Hata ile hoja ya wanahistoria kwamba Aotearoa halikuwa jina la nchi nzima tangu zamani haikunitisha. Ni kweli kwamba katika maandishi mengi ya karne ya 19 neno hilo lilikuwa la Kisiwa cha Kaskazini. Lakini Ghana ya kale ilikuwa mbali mno na Accra, huko ziliko Mauritania na Mali za leo, na hakuna anayewaambia Waghana warudishe jina la watu. Jina linaweza kuhama. Wanaolihamisha ndio wa kuangaliwa.

Pale Accra waliolihamisha walikuwa watu wenyewe waliokuwa wanakabidhiwa nchi yao. Hapa hapakuwa na usiku huo. Nyuzilandi ilijitenga na Uingereza kidogo kidogo, kwa sheria na makaratasi, na waliokabidhiwa madaraka walikuwa watoto na wajukuu wa walowezi. Hawakuondoka, na hawana pa kuondokea, kwa kuwa hapa ndipo kwao. Kwa sensa ya 2023 Wamaori ni karibu 18 katika kila watu 100.

Zimbabwe ilizaliwa kwa sababu waliopokonywa walikuwa wengi. Hapa waliopokonywa ni wachache.

Hilo linageuza kila kitu. "Tupige kura" likisemwa Harare lina maana moja. Likisemwa Wellington lina maana nyingine kabisa. Septemba 2021 Te Pāti Māori, chama cha Wamaori bungeni, kilianzisha ombi la kuibadilisha nchi iitwe Aotearoa na kurudisha majina ya Kimaori ya miji yote ifikapo 2026. Watu zaidi ya 70,000 wakatia saini. Mwezi ule ule uchunguzi wa maoni ulionyesha asilimia 58 wanataka New Zealand libaki peke yake, asilimia 31 wanataka majina yote mawili pamoja, na asilimia 9 tu ndio wanaotaka Aotearoa peke yake.

Wengi walisoma takwimu hizo wakasema mjadala umekwisha. Mimi nilizisoma nikajiuliza ni mjadala gani hasa uliokwisha. Kura ni njia nzuri watu wanapokuwa na dai linalofanana juu ya kitu. Bendera, kwa mfano, waliipigia kura mara mbili hapa, 2015 na 2016, na asilimia 56.6 wakaamua ibaki ile ile. Sawa. Lakini kuwapigia kura wenyeji kama jina lao lihesabike, wakati wao ni wachache katika nchi yao kwa sababu ya historia ile ile inayobishaniwa, ni kuwauliza walioketi kwenye kiti kama wangependa kusimama.

Na sisi tusijione tumefaulu sana. Tanganyika ilipata uhuru 1961 ikabaki na jina ambalo Waingereza walilichagua mwaka 1920. Lilipoondoka 1964 hakuna mwananchi aliyeulizwa, na Watanzania wanaolidai hadi leo mnawajua.

Chungwa

Yule dada nilimpata siku moja tukitoka zamu pamoja, mvua inanyesha, tumesimama chini ya kibanda cha basi. Nikamwuliza wazi: siku ile mbona ulinyamaza?

Akacheka kidogo. Akasema: "Ulikuwa unanitetea kwa jina ambalo bibi yangu hakuwahi kuiitia nchi yake."

Yeye ni Ngāi Tahu. Hao ndio watu wa karibu Kisiwa cha Kusini chote, na kisiwa hicho kwao ni Te Waipounamu, kwa ajili ya pounamu, lile jiwe la kijani ambalo linapatikana huko tu na lilikuwa na thamani kuliko kitu chochote enzi za wazee wao. Nyumbani kwao alipokuwa mtoto, Aotearoa ilikuwa kule ng'ambo ya mlango-bahari. Ndugu wa mbali wanaishi huko. Unaenda kuwasalimia, unarudi kwenu.

"Nikimuunga mkono yule mzee, nawauza ndugu zangu wa kaskazini," akasema. "Nikikuunga mkono wewe, namwacha bibi. Nikala chungwa langu."

Nilikaa kimya mpaka basi likaja.

Baadaye nilianza kusoma, na nikakuta kwamba si yake peke yake. Baadhi ya wazee wa Ngāi Tahu wameshalisema hadharani kwamba Aotearoa ni jina la kaskazini linalosambazwa kusini bila hodi. Na watu hao wana sababu ya kuchoka na mambo yanayoamuliwa juu yao bila hodi. Mwaka 1848 serikali ya kikoloni ilinunua sehemu kubwa ya kisiwa chao kwa pauni 2,000. Waliahidiwa maeneo ya kutosha ya kuishi na kupata chakula. Walichobakiziwa kilikuwa vipande. Malalamiko yao yalipita vizazi, kutoka babu hadi mjukuu, hadi sheria ya mwaka 1998 ilipopitishwa na Taji, yaani dola, likaomba radhi.

Sheria hiyo hiyo ya 1998 iliugusa mlima mrefu kuliko yote nchini. Ulikuwa Mount Cook. Ukawa Aoraki/Mount Cook, na Aoraki likatangulia. Halikuletwa na kura ya nchi nzima, wala halikuwa zawadi ya waziri mwenye moyo mzuri. Lilikuwa sehemu ya makubaliano baina ya pande mbili zilizokaa mezani, moja ikiwa na deni kwa nyingine.

Kuna jambo jingine dogo ambalo lilinifanya nisome ukurasa mara ya pili. Jina Te Waipounamu lilitambuliwa rasmi mwaka 2013 tu, sambamba na "South Island". Ilikuwa imegunduliwa miaka michache kabla kwamba hata "South Island" na "North Island" hazikuwahi kupitishwa rasmi. Zaidi ya karne watu walizitumia, wakazichapisha, wakazifundisha shuleni, na hakuna aliyedai kura. Ile kelele ya "sheria kwanza" huwa inaamka jina likiwa la Kimaori.

Na bado wapo Wamoriori, wenyeji wa asili wa visiwa vya Chatham, ambavyo wao huviita Rēkohu, walioko mashariki mbali baharini. Ukisema "jina la wenyeji", wenyeji wepi?

Nilimwuliza yule dada siku nyingine: basi ukiwa ng'ambo, unasema unatoka wapi? Akasema Aotearoa, bila kusita. Shida yake haikuwa neno. Alisema angetaka siku moja mtu aje kusini awaulize, wakae, wabishane, hata kama mwisho wake watakubali jina lile lile.

Nu Tirani

Maktaba ya Taifa hapa Wellington ina chumba chenye mwanga hafifu ambamo zimehifadhiwa nyaraka tatu. Mojawapo ni Mkataba wa Waitangi wa tarehe 6 Februari 1840, kati ya machifu wa Kimaori na Taji la Uingereza. Karatasi yake ya kwanza imeliwa na panya pembeni. Kwa miaka mingi hakuna aliyeona sababu ya kuitunza vizuri. Nilienda kuitazama kwa sababu yule mzee wa kazini, siku aliyotaka tuelewane, aliniambia kitu ambacho kilinipa shaka kubwa: machifu wenyewe walitia saini chini ya jina New Zealand.

Ni kweli. Nakala ya Kimaori, ile ambayo mmishonari Henry Williams na mwanawe Edward waliitafsiri kwa usiku mmoja, inaiita nchi Nu Tirani. Miaka minne na ushee kabla, tarehe 28 Oktoba 1835, machifu wa kaskazini walipotangaza uhuru wao katika He Whakaputanga, nao waliandika Nu Tireni. Ni lile lile jina la Kiholanzi likiwa limepita kwenye ulimi wa Kimaori. Machifu zaidi ya 500 waliweka alama zao kwenye mkataba, karibu wote kwenye nakala hiyo ya Kimaori.

Hapa nilikwama kwa siku nyingi. Ikiwa mababu walilichukua jina la mgeni, wakalifanya lao, wakatangaza nalo uhuru, mimi ni nani wa kusema si lao? Kuna Wamaori wanaolishikilia kwa sababu hiyo hasa. Ni jina ambalo ahadi ilitolewa nalo.

Lakini nenda kwenye ibara ya pili ya karatasi ile ile. Hapo Malkia wa Uingereza anawaahidi machifu na koo zao tino rangatiratanga, mamlaka kamili juu ya ardhi zao, vijiji vyao na kila walicho nacho cha thamani. Nu Tirani na ahadi hiyo viko kwenye karatasi moja, vimetiwa saini siku moja. Anayenionyesha jina hilo kama ushahidi, namwomba asiishie kwenye jina, ashuke na chini. Mwaka 2024 mswada wa kuzifafanua upya kanuni za mkataba ulipofika bungeni, watu zaidi ya 42,000 waliandamana hadi kwenye ngazi za Bunge mjini humu. Nilikuwa miongoni mwao, nimembeba mtoto wa jirani begani ili aone. Aprili 2025 mswada ukaanguka kwa kura 112 dhidi ya 11, na chama cha Peters kilikuwa upande wa walioukataa. Nalisema hilo kwa sababu haki inataka lisemwe.

Nilitoka kwenye chumba kile bila shaka juu ya jambo moja. Hoja yote hii ni ya watu wawili waliowekeana sahihi, na mmoja hawezi kuimaliza kwa kuhesabu vichwa vya watu wake.

"Jina haikuleta bukari"

Waongeaji Kiswahili tuko wachache huku, tunajuana. Kuna mzee mmoja kutoka Lubumbashi, alikuja na familia yake kama mkimbizi, na Kiswahili chake cha Katanga kinanifurahisha kila ninapokisikia. Nilimweleza habari yote hii nikitegemea atafurahi kwamba nchi yaweza kurudisha jina lake.

Akatikisa kichwa.

"Jina haikuleta bukari, mama."

Bukari kwao ni ugali. Akanisimulia. Oktoba 1971 Mobutu alitangaza kwamba Kongo sasa ni Zaire. Katanga yake ikawa Shaba. Mwaka uliofuata watu wakaamriwa waache majina ya Kikristo, na yeye, aliyekuwa kijana wakati ule, akaamka siku moja akiwa anaitwa jina ambalo mama yake alikuwa anajifunza kulitamka. Magazeti yalisifu. Wakati huohuo fedha za shaba na kobalti zilikuwa zinapotea, na shule zinabomoka. Mwaka 1997 Mobutu alipoanguka, Kongo ikarudi, Katanga ikarudi, na umaskini ukabaki pale pale ulipokuwa.

Sina la kumbishia mzee huyo. Alichosema kinagusa hofu ambayo hata Wamaori wanayo: kwamba siku moja serikali itaona jina ndilo kitu rahisi kutoa. Ardhi ni ghali, hospitali ni ghali, jina halina gharama kubwa. Mwaka 2022 nchi hii iliunda Te Aka Whai Ora, mamlaka ya afya ya Wamaori, kwa sababu Wamaori wanakufa mapema kuliko wenzao. Mwaka 2024 serikali mpya ikaifuta. Naweza kabisa kuwaza serikali nyingine ikija, ikafanya sherehe kubwa ya kuita nchi Aotearoa, halafu mambo kama hayo yakaachwa yamefutwa.

Hata hivyo kuna tofauti moja kati ya Kinshasa na hapa ambayo mzee wangu, tulipoendelea kuongea, aliikubali. Zaire lilishuka kutoka juu, kwa mtu mmoja, kwa siku moja. Aotearoa limekuwa likipanda kutoka chini. Tangu sheria ya 1867 shule za Wamaori zilifundishwa kwa Kiingereza, na vizazi vya watoto vikachapwa kwa kusema lugha ya mama zao. Tarehe 14 Septemba 1972 vijana wa Kimaori wakapeleka bungeni ombi lenye saini zaidi ya 30,000 wakitaka lugha ifundishwe shuleni. Mwaka 1982 akina mama na mabibi wakaanza kōhanga reo, shule za awali ambamo mtoto anasikia Kimaori tu. Mwaka 1987 ikawa lugha rasmi.

Mwaka 1999, kwenye Kombe la Dunia la raga, Hinewehi Mohi alisimama uwanjani Twickenham akaimba wimbo wa taifa kwa Kimaori peke yake. Nyumbani watu walikasirika, simu zikapigwa, barua zikaandikwa. Sasa unaimbwa kwa lugha zote mbili na Kimaori kinatangulia. Mjukuu wa mzee wa Lubumbashi anauimba wote bila karatasi, na jina la nchi katika ubeti wake wa kwanza ni Aotearoa.

Kwa hiyo jina hili limeshaleta kitu. Limeleta watoto wanaoongea na bibi zao. Si bukari, nakubali, na bukari bado inadaiwa.

Herufi moja

Wanaosema "watu hawatakubali" wangesoma habari za Whanganui.

Ni mji ulio kwenye mdomo wa mto wenye jina hilo, pwani ya magharibi ya Kisiwa cha Kaskazini. Kwa zaidi ya miaka 100 jina la mji liliandikwa bila herufi h, Wanganui, wakati mto wenyewe ulishapata h yake. Wenyeji wa mto wakapeleka ombi kwa Bodi ya Majina ya Kijiografia: herufi irudi. Mji ukawaka moto. Meya akaongoza upinzani, kura ya maoni ikaitishwa mwaka 2009, na zaidi ya robo tatu ya waliopiga kura wakasema hapana. Herufi moja!

Bodi haikuhesabu kura tu. Iliangalia jina lilitoka wapi na ni la nani, ikapendekeza h irudi. Waziri akaruhusu tahajia zote mbili, huku ofisi za serikali zikitakiwa kutumia ile yenye h. Mwaka 2015 Whanganui likawa jina rasmi la wilaya yenye mji huo. Leo halmashauri ile ile iliyopinga inaandika Whanganui kwenye kila barua. Mwaka 2017 mto wenyewe ulipewa hadhi ya mtu mbele ya sheria, na dunia nzima ikaja kujifunza. Nimefika pale. Hakuna aliyepoteza mji wake.

Ningependa Aotearoa ifuate njia hiyo, ila kwa ukubwa wa nchi. Iwi zianze. Zikae zenyewe, kusini na kaskazini na Rēkohu, zibishane kama lile jina linatosha kwa wote, au Te Waipounamu litajwe pamoja nalo, au Nu Tirani lina haki ya kubaki kwa ajili ya ile ahadi. Huenda ikachukua miaka. Ngāi Tahu walisubiri vizazi, hakuna haraka ya kushindana nayo. Wakishapatana, jambo lipelekwe mezani kwa Taji kama yalivyopelekwa mengine, lijadiliwe kati ya walioweka saini, na Bunge lilipitishe kama linavyopitisha makubaliano ya ardhi.

Hivi sasa tunaenda kinyume. Pasipoti iliyochapishwa tangu 2021 ina maneno Uruwhenua Aotearoa juu, Kiingereza chini. Serikali imeshatangaza kwamba kuanzia mwishoni mwa 2027 Kiingereza kitarudi juu. Si mwisho wa dunia, lakini mimi kinaniuma, kwa sababu hata hilo limeamuliwa na upande mmoja.

Sheria ya hapa ina ukarimu ambao nchi nyingi hazina: mkazi wa kudumu anapiga kura kama raia. Mimi nimezaliwa Tanga na tayari nimo kwenye daftari. Kura ya maoni ikiitishwa kesho, karatasi yangu itakuwa na uzito ule ule wa karatasi ya yule dada wa Ngāi Tahu. Nitaandika Aotearoa, nitaitumbukiza kwenye sanduku, na nitatoka nikiamini kwamba sikupaswa kuulizwa kabla yake.

Hilo ndilo ningemjibu yule mzee siku ile kama ningekuwa nimeshalifikiria. Kulitumia jina hili naweza, kama anavyoweza yeye na mtoto yeyote anayeimba wimbo wa taifa. Kuliamua si kwangu, na si kwake pia.